Homoni ya Moyo na Karatasi ya Maabara: Mwongozo Kamili kwa Wenye Presha, Kisukari na Uzito Mkubwa

Siku hizi si ajabu mgonjwa wa Moshi au Arusha kurudi nyumbani na karatasi ya maabara yenye mstari ulioandikwa BNP au NT-proBNP, yaani kipimo cha homoni inayotolewa na moyo, na mbele yake namba isiyo na maelezo. Karatasi inapigwa picha, inatumwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na kabla chai haijapoa binamu aliyeko Dar ameshasema namba ni kubwa mno, na shangazi wa Rombo amejibu kwamba mbona yake ilizidi hiyo na bado analima. Wote wawili huenda wako sahihi, na wote wawili huenda wamekosea. Namba hii haisomwi peke yake. Inasomwa pamoja na umri wa mtu, figo zake, mapigo ya moyo wake, dawa anazomeza na, zaidi ya vyote, uzito wake. Mtu mnene mwenye moyo unaochoka anaweza kupata namba ndogo na kuambiwa yuko salama. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika kipimo hiki, na ndilo nitakalolichimba hapa.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa na wa ndugu anayemsindikiza. Haukupi ruhusa ya kujibadilishia dawa.

IJUE HOMONI YENYEWE KWANZA

Mwaka 1956 mtafiti Bruno Kisch alichungulia kwa darubini ya elektroni misuli ya moyo wa simbilisi, akaona chembechembe ndogo katika vyumba vya juu, za aina inayoonekana kwenye tezi zinazotoa homoni. Zilikuwa zinafanya nini ndani ya moyo? Jibu lilikuja mwaka 1981 kule Kingston, Kanada. Adolfo de Bold na wenzake walisaga misuli ya vyumba vya juu vya moyo wa panya, wakawadunga panya wengine maji yake. Panya wale walikojoa mno, mkojo ukajaa chumvi, na presha yao ikashuka. Homoni hiyo ikaja kuitwa ANP, nayo ina amino asidi 28. Mwaka 1988 watafiti wa Japani wakampata ndugu yake, BNP, katika ubongo wa nguruwe, ingawa kwa binadamu inatoka hasa kwenye vyumba vya chini vya moyo, vile vinavyofanya kazi nzito ya kusukuma damu.

Kinachoiamsha ni kuvutwa kwa ukuta wa moyo. Damu ikijaa kupita kiasi, au presha ikiulazimisha moyo kusukuma kwa nguvu, misuli inavutika, na chembe zake zinatengeneza protini ya amino asidi 108. Protini hiyo inakatwa vipande viwili. Kipande cha amino asidi 32 ndicho BNP, mfanyakazi mwenyewe. Kile cha 76 ni NT-proBNP, ambacho hakina kazi inayojulikana ila kinakaa damuni muda mrefu zaidi: nusu ya BNP huondoka kwa takriban dakika 20, nusu ya NT-proBNP kwa saa moja hadi mbili. Kwa kuwa vinazaliwa pamoja, maabara inaweza kupima chochote kati ya hivyo viwili.

BNP ikifika kwenye mishipa ya damu, inalegeza misuli iliyozunguka mishipa hiyo, mishipa inatanuka na presha inashuka. Kwenye figo inafungulia chumvi na maji vitoke. Aliyekulia mlimani Kilimanjaro na kuona wazee wakifungua mfongo, yaani mfereji wa maji, maji yanapozidi shambani ataelewa haraka: moyo ukizidiwa, wenyewe ndio unaokwenda kufungua njia ya kutokea. Papo hapo homoni hii inazituliza renini na aldosteroni, homoni nyingine mbili ambazo kazi yao ni kuzuia chumvi isitoke na kupandisha presha. Inapunguza pia makovu ndani ya misuli ya moyo. Na lipo moja ambalo halitajwi sana kliniki: inaamuru mafuta yaliyohifadhiwa mwilini yavunjwe yatumike. Kwa hiyo moyo unazungumza na kitambi moja kwa moja, bila kupitia tumboni wala kwenye kongosho.

Basi mtu huuliza: kama homoni hii ni nzuri hivyo, mbona mgonjwa ana namba 5,000 na bado miguu imevimba? Kwanza, sehemu kubwa ya kinachopimwa kwa mgonjwa wa moyo ni protini ambayo haikukatwa sawasawa, hivyo haina nguvu kamili. Pili, vipokezi vyake, yaani sehemu za chembe zinazoipokea, vinachoka kuitikia. Tatu, upande wa pili, yaani renini, aldosteroni na adrenalini, unavuta kwa nguvu kuliko yenyewe. Na mwisho kuna kimeng'enya kiitwacho neprilisini kinachoikatakata njiani. Nitarudi kwake kwenye dawa.

Wapo waliofikiri dawa ni kumwongezea mgonjwa homoni hiyo kwa dripu. BNP ya kutengenezwa, iliyoitwa nesiritidi, iliruhusiwa Marekani mwaka 2001. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2011, lenye wagonjwa zaidi ya 7,000, likaonyesha haipunguzi vifo wala kurudishwa hospitali.

KITAMBI NA NAMBA NDOGO

Mantiki ya kawaida ingesema hivi: mtu mnene ana damu nyingi zaidi, moyo wake unafanya kazi zaidi, basi BNP yake iwe juu. Kinachoonekana ni kinyume. Utafiti baada ya utafiti, ukiwemo ule wa mji wa Framingham, Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, umekuta kwamba uzito ukipanda, BNP na NT-proBNP vinashuka, hata kwa wenye ugonjwa wa moyo.

Sababu mojawapo ni kwamba chembe za mafuta zina vipokezi vingi vya aina nyingine, ambavyo kazi yake ni kuinasa homoni na kuiondoa. Insulini nyingi, kama ilivyo kwa mtu anayeelekea kwenye kisukari cha aina ya pili, inahusishwa na kuongezeka kwa vipokezi hivyo. Lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu NT-proBNP hainaswi na vipokezi hivyo na bado inashuka. Maana yake moyo wenyewe wa mtu mnene unatoa kidogo kuliko unavyopaswa.

Sasa unganisha. Homoni inayotoa chumvi imepungua, chumvi inabaki, presha inapanda. Homoni inayovunja mafuta imepungua, mafuta yanakaa. Insulini inazidi kushindwa kazi. Hapo ndipo presha, kisukari na kitambi vinapokutana, na ndiyo maana mara nyingi unavikuta vitatu kwa mtu mmoja. Utafiti wa vinasaba umeongeza ushahidi: watu waliozaliwa na mabadiliko madogo ya vinasaba yanayowapa homoni hizi kwa wingi kidogo, kwa wastani wana presha ya chini, na kwa upande wa BNP wana hatari ndogo ya kupata kisukari cha aina ya pili. Namba ndogo kwa mtu mnene, basi, inaweza kuwa upungufu, na upungufu huo ni sehemu ya ugonjwa. Mtu akipungua uzito, homoni inapanda tena. Usishangae.

HATUA YA 1: AMUA KAMA UNAHITAJI KIPIMO

Dalili zinazostahili: kuhema ukipanda kilima ulichokuwa unakipanda bila shida, kulala kwa mito miwili au mitatu kwa sababu ukilala chali pumzi inakata, kushtuka usiku ukitafuta hewa, miguu inayobonyea na kubaki na shimo, uzito kuongezeka kilo mbili ndani ya siku chache bila kula zaidi. Anayeishi Kibosho, Machame au Marangu ana kipimo cha bure kila siku, ile njia ya kutoka barabara ya lami hadi kihamba, shamba la nyumbani la ukoo. Akianza kusimama pale ambapo zamani hakusimama, asiseme ni uzee.

Maumivu ya kifua yanayobana, kuzimia, midomo kuwa ya bluu, povu lenye damu mdomoni: hayo hayasubiri kipimo cha homoni. Ni gari na hospitali, usiku huo huo.

Kabla hujalaumu moyo, angalia dawa zako. Amlodipini, kidonge cha presha kinachotolewa sana kwetu, huvimbisha vifundo vya miguu kwa watu wengi ambao moyo wao ni mzima. Hapa namba ndogo ina thamani kweli, kwa sababu inamwepusha mtu na dawa za kukojoza asizozihitaji. Vilevile mtu anayehema amekuwa akitibiwa nimonia au kupimwa kifua kikuu mara kwa mara, na hakuna aliyeuliza habari za moyo. Namba husaidia kutenganisha njia.

Mzazi ni habari ya peke yake. Mwanamke aliye mwezi wa mwisho wa ujauzito, au aliyejifungua ndani ya miezi mitano, akihema na kushindwa kulala chali, asiambiwe ni uchovu wa kunyonyesha huku akiletewa mtori. Kuna ugonjwa wa misuli ya moyo unaowapata wazazi katika kipindi hicho hasa. Ujauzito wa kawaida haupandishi NT-proBNP sana, hivyo namba kubwa kwake ni ya kushtukia haraka, iwe ni moyo au ni kifafa cha mimba kinachonyemelea.

Na asiye na dalili? Chama cha kisukari cha Marekani kilipendekeza mwaka 2022 kwamba mwenye kisukari apimwe BNP au NT-proBNP angalau mara moja kwa mwaka. Ni ushauri mzuri kwa nchi ambayo bima inalipa. Kwetu, mimi ningeanza na mwenye kisukari cha miaka mingi, mwenye protini kwenye mkojo, na mwenye presha isiyoshuka kwa dawa tatu.

HATUA YA 2: PANGA FEDHA VIZURI

Uliza bei kabla, uliza kama bima yako inakigharamia, na uliza kama kinafanyika hapo hapo au damu inasafirishwa. Kama hujapima presha, sukari, kreatinini (kipimo cha figo), potasiamu, wingi wa damu na umeme wa moyo, anza na hivyo. Ni rahisi zaidi na bila hivyo homoni haisomeki.

Ukiwa na fedha ya kimoja tu kati ya homoni na eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na dalili zako ziko wazi, mimi ningelipia eko. Homoni inasema moyo unavutwa. Eko inaonyesha kwa nini: valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, misuli iliyolegea, ukuta uliokakamaa, maji kuzunguka moyo. Nguvu kubwa ya homoni ni kwenye kuondoa shaka pale dalili zinapochanganya na eko iko mbali au ina foleni ndefu. Anayetoka Same au Tarakea anajua ninachosema. KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima, na foleni yake ni ya kanda nzima.

HATUA YA 3: SIKU YA KUTOA DAMU

Huhitaji kufunga kula. Meza dawa zako kama kawaida, isipokuwa daktari ameagiza vingine, lakini ziandike zote kwenye karatasi pamoja na saa ulizozimeza. Kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini kwa kipimo kikubwa, mwambie mtaalamu wa maabara kabla hajafunga mkono. Baadhi ya mashine hudanganywa na bayotini na kutoa namba ya chini ya ukweli. Akina dada wengi hawavihesabu vidonge hivyo kuwa dawa, hivyo hawavitaji.

Kama sampuli itasafiri, omba NT-proBNP. BNP inaharibika upesi. Inataka chupa ya plastiki yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, na ipimwe ndani ya saa chache. NT-proBNP inastahimili hadi siku tatu hata kwenye joto la chumba. Kwa damu inayotolewa kituo cha afya cha mbali na kupelekwa mjini kwa bodaboda, tofauti hiyo inaamua kama namba utakayopewa ni ya kweli.

Hakikisha karatasi inataja ni kipi kilichopimwa. BNP 400 na NT-proBNP 400 ni vitu viwili tofauti kabisa, na hakuna hesabu ya kuaminika ya kubadili kimoja kuwa kingine. Angalia na kizio. Pikogramu kwa mililita na nanogramu kwa lita ni sawa. Ukikuta pikomoli kwa lita, zidisha kwa 3.46 kama ni BNP, au kwa 8.46 kama ni NT-proBNP, upate pikogramu kwa mililita.

HATUA YA 4: KUISOMA NAMBA

Jiulize kwanza mgonjwa alifikaje. Aliyeletwa dharura akihema ana mizani yake: BNP chini ya 100, au NT-proBNP chini ya 300, inafanya kushindwa kwa moyo kuwa jambo lisiloelekea. Aliyekuja kliniki kwa miguu yake, dalili zikiwa zimeanza polepole, ana mizani ya chini zaidi: BNP 35, NT-proBNP 125. Watu wengi huchanganya hapa. Mtu wa kliniki mwenye NT-proBNP 240 anaambiwa "iko chini ya 300, uko sawa", wakati 300 si mizani yake.

Kuthibitisha ugonjwa kwa aliyekuja na dharura, NT-proBNP inafuata umri: zaidi ya 450 kwa aliye chini ya miaka 50, zaidi ya 900 kwa wa miaka 50 hadi 75, zaidi ya 1,800 kwa aliyevuka 75. Katikati ya mizani ya kuondoa na ya kuthibitisha kuna eneo la mashaka, na humo ndimo daktari anapohitajika kuliko mashine.

Kisha zipime sababu za kuinyanyua. Figo zilizochoka huipandisha, kiasi kwamba kwa mgonjwa wa figo wengi hutumia BNP 200 badala ya 100. Hili linatuhusu: utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu figo kaskazini mwa Tanzania ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima waliopimwa, na kwa wa mjini ulikuwa mara nyingi zaidi kuliko wa vijijini. Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio yanayotokana na vyumba vya juu nayo huipandisha mara mbili au tatu. Uzee, kuganda kwa damu kwenye mapafu, maambukizi makali ya damu, ugonjwa sugu wa mapafu wa aliyepika kwa kuni miaka arobaini, vyote huinyanyua. Wanawake huwa juu kidogo kuliko wanaume.

Halafu uzito, unaoishusha. Hesabu BMI: kilo gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ikizidi 30, miongozo ya Ulaya inaruhusu kushusha mizani hadi karibu nusu.

Chukua mifano miwili ya kutunga. Mama wa miaka 58 wa Majengo, kilo 104, urefu mita 1.60, BMI yake ni kama 40. Ana presha na kisukari, anahema akipanda ngazi. NT-proBNP yake ni 110. Kwenye karatasi hakuna nyota wala rangi nyekundu. Daktari kijana anaweza kusema, "Shikamoo mama, majibu ni mazuri," naye akajibu, "Marahaba mwanangu, lakini mbona bado nahema?" Swali lake lina uzito kuliko namba. Kwa BMI ya 40 mizani ya 125 ni ya juu mno, na moyo wake unaweza kuwa ule unaosukuma vizuri lakini ukashindwa kulegea ili ujae damu. Aina hiyo inawapata hasa wanene wenye presha na kisukari, na ni hodari wa kujificha nyuma ya namba ndogo. Huyu anahitaji eko, na anayeifanya aangalie jinsi moyo unavyojaa, asiishie kwenye asilimia ya kusukuma.

Mzee wa miaka 79 wa Old Moshi, mwembamba, figo zimepungua, mapigo hayana mpangilio, NT-proBNP 1,400. Kundi la ukoo limeshaanza kulia. Lakini hata angeletwa kwa dharura, kwa umri wake hajafika 1,800, na figo pamoja na mapigo vinaweza kueleza sehemu kubwa ya namba hiyo. Kama halali kwa mito mingi na miguu haijavimba, kazi ya kwanza ni mapigo yake na kinga dhidi ya damu kuganda.

Mama mwenye 110 ananitia hofu kuliko mzee mwenye 1,400.

HATUA YA 5: ANDIKA NAMBA YAKO YA KAWAIDA

Omba kipimo kirudiwe ukiwa umetulia, yaani huna uvimbe, dawa zimekaa sawa, unalala vizuri. Hiyo ndiyo namba yako. Baadaye usiogope kila mabadiliko. Homoni hii hupanda na kushuka yenyewe, na wengi hawaihesabu tofauti iliyo chini ya asilimia 30 hivi kuwa na maana. Ikiongezeka maradufu, nenda kliniki hata kama unajisikia vizuri. Weka karatasi za zamani pamoja na daftari la kliniki. Hospitali mbili huwa hazisomani.

Nyumbani, mizani ya kupimia uzito ina faida kuliko kurudia kipimo hiki kila mwezi. Pima asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, kwa nguo zile zile.

HATUA YA 6: JIKONI

Homoni inatoa chumvi, wewe unairudisha kwa kijiko. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko cha chai kimoja hivi, ikihesabiwa na ile iliyomo kwenye mkate, soseji, viungo vya mchuzi vya pakiti na dagaa waliokaushwa kwa chumvi.

Kwetu kuna nyingine isiyohesabiwa: magadi. Kiburu, makande, mlenda, vyote mara nyingi hupikwa na magadi, na magadi ni sodiamu. Nimewasikia wagonjwa wakiapa kwamba wameacha chumvi kabisa, na ni kweli, ila sufuria ya maharage inapata donge la magadi kila jioni. Loweka maharage usiku mzima, mwaga maji, pika taratibu, yataiva. Vivyo hivyo unga wa kiungulia unaotoa povu kwenye glasi, na vidonge vya maumivu vya kuyeyusha kwa maji. Vimejaa sodiamu.

Ndizi zenyewe si adui. Mtori na machalari, vyakula vyetu vya ndizi, vina potasiamu nyingi, na potasiamu husaidia presha. Tahadhari ni kwa mwenye figo dhaifu anayemeza spironolaktoni, enalaprili au losatani. Huyu potasiamu inaweza kumpanda hadi kusimamisha moyo, hivyo apimwe damu, na asitumie kabisa chumvi mbadala iliyotengenezwa kwa potasiamu.

Mbege, pombe yetu ya ndizi: ni pombe, na ni maji mengi kwa mkupuo. Kata moja haina vita na mtu mwenye moyo uliotulia, lakini daktari wako ndiye mwenye kauli, na mwenye misuli ya moyo iliyolegea kwa sababu ya pombe aiache.

HATUA YA 7: DAWA ZINAZOGUSA HOMONI HII

Vidonge vya sakubitrili pamoja na valsatani vinafanya kile nesiritidi ilichoshindwa. Badala ya kuongeza homoni kutoka nje, sakubitrili inamfunga mikono yule neprilisini anayeikatakata, huku valsatani ikizuia upande wa pili, ule wa renini na aldosteroni. Jaribio la mwaka 2014 lenye wagonjwa zaidi ya 8,000 lilikuta vifo vya moyo na kulazwa kwa kushindwa kwa moyo vikipungua kwa asilimia 20 ikilinganishwa na enalaprili. Bei yake bado ni mlima kwa wengi. Ukipewa, kumbuka mawili. Usiimeze ndani ya saa 36 tangu kidonge cha mwisho cha enalaprili, kaptoprili au lisinoprili, kwani uso na koo vinaweza kuvimba kwa hatari. Na kuanzia hapo fuatilia NT-proBNP, maana BNP yenyewe inaweza kupanda kwa kuwa haikatwi tena, ukadhani unaumwa zaidi.

Dapagliflozini na empagliflozini, zilizoanza kama dawa za kisukari, zimeonyesha kuwasaidia wenye moyo ulioshindwa hata wasio na kisukari, ikiwemo ile aina ya mama wa Majengo. Kwa mgonjwa mwenye presha, kisukari na kitambi kwa pamoja, mimi ningeuliza habari za dawa hizi mapema. Furosemidi inatoa maji na kuleta nafuu ya haraka. Bisoprololi au karvediloli, na spironolaktoni, ni za kukaa nazo muda mrefu kwa moyo uliolegea.

Cha kuacha ni diklofenaki na ibuprofeni. Zinanunuliwa duka la dawa lolote kwa ajili ya magoti, na zinaishikilia chumvi mwilini na kuumiza figo. Mwambie muuzaji una tatizo la moyo akupe parasetamoli ya kawaida, isiyo ya povu.

HATUA YA 8: DISEMBA

Kila mwaka Disemba ukoo unapanda mlimani kwa Krismasi. Kwa mgonjwa wa moyo unaweza kuwa mwezi mbaya, na sababu nyingi zinaepukika. Anayesafiri kutoka Dar kwa basi anaacha furosemidi kwa sababu ya choo, anaiacha tena siku ya pili kwa sababu ya ibada na wageni, na siku ya tatu ananyanyuliwa kitandani akihema. Muulize daktari wiki mbili kabla: siku ya safari naweza kumeza nikishafika? Mara nyingi jibu ni ndiyo. Beba dawa za siku za likizo na za wiki moja zaidi, maana duka la kijijini huenda lisiwe na karvediloli.

Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, na supu ya asubuhi vina chumvi ya kulisha ukoo, si yako. Chukua nyama isiyotiwa chumvi kabla haijaenda mezani, mpishi hatakasirika. Kihamba kiko juu kuliko mji, na njia ni ya kupanda, hivyo siku mbili za kwanza pumzika zaidi. Mizani ya uzito ipakie kwenye gari pamoja na sukari na mchele wa wazee. Ukiona kilo mbili zimeongezeka kwa siku tatu, au umeongeza mto, piga simu kliniki kabla ya tarehe 24, maana baada ya hapo utawakuta wa zamu tu, na karatasi yako ya namba ya kawaida iwe mfukoni.